Kaizari Hakohoi

Ilikuwako dola moja, tena kubwa, huko kaskazini kwenye baridi, ambayo jina lake heri tusilitaje. Si kwamba tunaogopa. Ni kwamba dola hiyo ilikuwa na sheria ya kuwaadhibu wote wanaotamka jina lake bila kusimama wima, na msomaji wetu huenda amekaa kitini, au amejilaza, na si vizuri kumtia mtu matatani kwa kosa la kusoma. Inatosha kusema kwamba watu wake walipenda utaratibu kuliko chakula. Mbwa walikuwa na saa zao za kubweka. Majani ya miti ya barabarani yaliruhusiwa kuanguka baada ya tangazo la manispaa, na yaliyotangulia yalifagiwa kwa aibu.

Katika mji mkuu wa dola hiyo aliishi sajini wa polisi aitwaye Traugoti Henzeli, mtu mnene kidogo, mpole nyumbani kwake, mwenye masharubu aliyoyapaka nta kila asubuhi mpaka ncha zake zikatazama juu. Kazi yake ilikuwa kukaa. Sisi huku husema penye wengi hapaharibiki neno. Wakubwa wa kule waliona kinyume: penye wengi ndipo linapoharibika. Kwa hiyo kila mkutano, wa wafanyakazi, wa waimbaji, hata wa wafuga njiwa, uliwekewa polisi jukwaani. Polisi huyo hakusema kitu. Alivua kofia yake ngumu, ile yenye mkuki utosini, akaiweka mezani mbele yake, akasikiliza. Maadamu kofia iko mezani, mkutano ni halali. Akiivaa tu, mkutano umevunjwa, na anayebaki ukumbini ni mhalifu.

Traugoti alijivunia kwamba hajapata kuivaa kimakosa. Mara ya mwisho alikuwa amewavunjia mkutano wafuga nyuki, baada ya mzee mmoja kueleza kwamba malkia wa nyuki hafanyi kazi yoyote bali hulishwa na wengine. Mzee alilia, akasema alikuwa anazungumzia nyuki. Traugoti alimwamini kabisa, lakini kofia ikishavaliwa imevaliwa.

Basi mwaka tunaousimulia ulianza na Kaizari mkongwe, aliyetawala muda mrefu hata watu wakadhani kufa ni jambo la raia tu. Baridi ilipokuwa inaelekea ukingoni, akafa. Tangazo likachelewa, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye cheo cha kutosha kumwita marehemu mtu aliyemzidi cheo. Mawaziri walivutana wee, mwishowe wakapata dawa: wakatangaza kwamba Kaizari amejipandisha daraja. Watu wakavaa nguo nyeusi na kupongeza.

Mrithi alikuwa mwanawe, mtu mwema kwa habari zote, ila kifua chake kilikuwa kibovu. Siku ya kutawazwa alitoka roshanini kuwahutubia watu. Akafungua kinywa, kikatoka kikohozi. Akakohoa, akakohoa, akainua mkono kuwapungia, akarudishwa ndani. Chini uwanjani, watu waliosimama kwenye theluji tangu alfajiri nao wakakohoa, maana baridi haina adabu wala haichagui siku. Waziri wa Kasri akawasikia kwa sikio la uwaziri. Kwake yeye, Kaizari alikuwa amekohoa na umati ukamjibu.

Jioni ile ile likabandikwa tangazo kila pembe ya mji: "Kaizari hakohoi. Kilichosikika roshanini ni Kaizari akitafakari kwa sauti. Raia yeyote atakayetoa sauti inayofanana na tafakuri hiyo atahesabiwa kuwa amemwigiza Mwenye Enzi kwa dharau, naye atafungwa."

Msomaji atasema watu walicheka. Hawakucheka. Walisoma tangazo mpaka mwisho, wakaangalia muhuri, wakaona ni halali, wakaenda nyumbani wakijibana vifua.

Nchi ikaingia katika kazi hiyo mpya kwa bidii yake ya siku zote. Maprofesa wakaandika vitabu vinene kutenganisha kikohozi cha kukusudia na kikohozi cha uzembe. Bunge likajadili chafya kwa majuma mazima, upande mmoja ukitaka nayo ipigwe marufuku, upande wa pili ukiitetea kwa machozi. Hatimaye ikaamuliwa kwamba chafya ni mali ya pua, na Kaizari bado hajaidai pua. Kuanzia hapo wagonjwa wenye akili wakajifunza kugeuza kikohozi kiwe chafya kikiwa bado njiani.

Mahakamani nako kulikuwa na vituko. Muuza kabichi mmoja alishtakiwa kwa kukohoa sokoni. Hakimu akamuuliza shahidi alisikia nini hasa, na kwa kuwa sheria inataka ushahidi usio na shaka, akamwambia aonyeshe. Shahidi akaonyesha, akakamatwa palepale. Mwendesha mashtaka akasimama kumwelewesha hakimu jinsi shahidi alivyofanya, naye akakamatwa. Hakimu, aliyekuwa na mafua, akaahirisha kesi kwa ishara ya mkono.

Wakati kama huo mtu mwenye masikio kama ya Traugoti ni lulu. Alikuwa anaweza kusikia kikohozi kilichomezwa safu ya mwisho ya ukumbi, nyuma ya nguzo. Mkuu wa Polisi, Mheshimiwa fon Drosteli, mtu mrefu aliyezungumza kama anayezindua mnara, alimwita ofisini kwake na kumbandika nishani kifuani.

"Sajini Henzeli," alisema, "zipo dola zinazosimama kwa mizinga. Zipo zinazosimama kwa dhahabu. Yetu, Sajini, inapumua kupitia masikio yako."

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Traugoti, akapiga saluti, na kweli kabisa moyo wake ulijaa furaha. Tusimcheke. Mtu akisifiwa na mkubwa wake mara moja katika maisha, hata nchi ikiwa ya vichaa, sifa ni sifa.

Lakini nyumbani kwake mlikuwa na jambo.

Traugoti na mkewe Ernestina walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Lizbeta, msichana mwembamba, mcheshi, fundi wa kuwaigiza majirani mpaka mama yake amwombe radhi Mungu. Alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Mle ndani vumbi la pamba lilipeperuka kama unga wa mashine ya kusaga, na madirisha yalipigiliwa misumari, kwa maana mwenye kiwanda aligundua kwamba uzi hukatika upepo ukiingia. Wasichana walivuta lile vumbi mchana kutwa. Tangu kabla ya Krismasi Lizbeta alikuwa anakohoa.

Mwenye masikio yale angekosaje kusikia? Alisikia kabla ya mtu yeyote. Alikisikia kikohozi kikiwa bado chepesi, akakisikia kikiota mizizi. Tangazo lilipotoka, alimketisha binti yake jikoni na kumfundisha, kwa upole, kama alivyomfundisha zamani kufunga kamba za viatu.

"Kikija, meza mate. Bana pua. Kaza tumbo, halafu fikiria kitu kingine."

"Nifikirie nini, baba?"

"Chochote. Fikiria mimi nimekaa hapa nakutazama."

Lizbeta akajaribu. Uso ukamwiva, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamlengalenga, lakini sauti haikutoka. Traugoti akampigia makofi kidogo. Ernestina, aliyekuwa anamenya viazi, akatupa kisu ndani ya beseni.

"Baba Lizbeta, mtoto anaumwa, wewe unamfundisha adabu!"

"Namfundisha kuishi, mke wangu. Kuta zina masikio."

"Kuta hazina chochote. Mwenye masikio ni wewe."

Hata hivyo Traugoti hakuwa mjinga wala hakuwa na moyo wa jiwe. Alijua kwamba juu milimani serikali ina hospitali ya wagonjwa wa kifua, yenye hewa safi na maziwa, na kwamba waliowahi kupelekwa mapema walirudi wamenenepa. Akampeleka Lizbeta kwa Dakta Melkiori, tabibu wa mtaa, ambaye saini yake ndiyo iliyokuwa ufunguo wa hospitali hiyo. Dakta Melkiori aliposikia neno kifua alikwenda kufunga mlango.

"Ndugu Sajini," alinong'ona, "ili nisaini lazima nisikie mapafu. Ili nisikie mapafu lazima akohoe. Nikimwambia akohoe, nitakuwa nimechochea, na adhabu ya kuchochea ni kubwa kuliko ya kutenda. Ningekuwa na hakika kwamba wewe ni baba tu leo, sawa. Lakini nani atanihakikishia kwamba sajini amebaki nyumbani?"

"Mimi nakuhakikishia."

"Ndivyo alivyosema na yule aliyemkamata daktari mwenzangu. Mlete akivunjika mguu, ndugu yangu. Kwa mguu nitamsaidia kwa roho safi."

Traugoti akaamua kupanda juu. Akavaa nishani yake, akaenda kwa Mheshimiwa fon Drosteli, akasimama wima mbele ya meza na kueleza shida yake. Mheshimiwa alimsikiliza mpaka mwisho, akaunganisha ncha za vidole.

"Tulitazame jambo hili kwa mantiki, Sajini. Ama binti yako anakohoa, ama hakohoi. Kama anakohoa, ni mhalifu, na wewe umemficha mhalifu chini ya paa lako kwa majuma. Kama hakohoi, ni mzima, na mtu mzima hana haja ya hospitali. Unaniarifu lipi?"

Traugoti alisikia saa ya ukutani, akasikia na moyo wake mwenyewe.

"Namwarifu Mheshimiwa kwamba hakohoi."

"Nimefurahi mno kwa afya yake. Msalimie."

Miti ikachipua. Ndipo wasokotaji wa pamba wakaomba kibali cha mkutano. Hawakutaka mapinduzi, masikini. Walitaka misumari ing'olewe madirishani. Kibali kikatolewa, na jukwaani akapangwa Sajini Henzeli. Sasa, sheria ya dola ile iliwakataza wanawake kuhudhuria mkutano wa mambo ya kazi. Lakini kwa kuwa wasokotaji karibu wote ni wanawake, wataalamu wa sheria walitafuta huruma ndani ya sheria, wakaipata: kamba ifungwe kukatiza ukumbi, wanawake wakae nyuma ya kamba, wasiseme, wasipige makofi, nao watahesabiwa kuwa hawapo. Basi ukumbi ule ulikuwa na wanaume wachache waliokuwapo na wanawake wengi wasiokuwapo.

Traugoti aliketi, akavua kofia, akaiweka mezani. Alipoinua macho akamwona Lizbeta nyuma ya kamba, safu ya mbele. Hakuwa amemwambia baba yake kwamba anakuja, wala baba hakuwa amemwambia kwamba yeye ndiye atakayekaa jukwaani. Siku hizi walizungumza machache.

Msemaji, Fridolini, fundi wa mashine, aliongea kwa tahadhari kama mtu anayekanyaga mayai. Hakusema kifua, hakusema ugonjwa. "Tunaomba tu," alisema, "kwamba hewa iliyoko nje, ambayo ni mali ya Kaizari, iruhusiwe kuingia ndani, ambako pia ni kwa Kaizari." Traugoti hakuona kosa. Kofia ilibaki mezani.

Kisha akaliona lile zoezi la jikoni. Lizbeta alikuwa amebana pua. Koo lake lilipanda na kushuka. Alimkazia baba yake macho, kama alivyofundishwa, na uso ukaanza kuiva. Meza, mwanangu, alisema Traugoti moyoni, meza, kaza tumbo, mimi hapa nakutazama. Watu wakageuka. Fridolini akaongeza sauti ili amfunike, jambo jema lililofanywa vibaya, kwa sababu pumzi ilimwishia katikati ya sentensi, na katika ukimya ule kikohozi kikatoka, kirefu, kizito, kama kitambaa kinachopasuliwa.

Tungependa kusimulia kwamba Sajini alipambana na nafsi yake. Hapakuwa na wakati. Mkono ulikuwa umezoea. Kofia ilikuwa kichwani kabla moyo haujapata habari, na mdomo nao ukasema maneno yake: "Kwa jina la Kaizari, mkutano huu umevunjwa."

Wanaume waliokuwapo wakakimbia. Wanawake wasiokuwapo wangeweza kukimbia pia, lakini Lizbeta alikuwa amejikunja juu ya kamba anatafuta pumzi, na wenzake hawakumwacha. Askari vijana wakaingia na kuwakusanya wote. Alipopitishwa mbele ya jukwaa, Lizbeta aliinua uso uliolowa, wala hakuwa na hasira hata chembe.

"Baba, nilimeza," alisema. "Haki ya Mungu nilimeza, kikanishinda."

Magazeti yalimpamba Traugoti kwa juma zima, yakamwita baba wa kupigiwa mfano. Ernestina alimwekea sahani mezani kila jioni, akaenda kula kwa jirani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Traugoti alikuwa mzazi. Alikaa mbele ya sahani ile, na masikio yake, yaliyokuwa yanasikia kikohozi nyuma ya nguzo, yakawa yanasikia kilichokuwa gerezani, ng'ambo ya mji. Mchana alikwenda kazini. Hakujua pengine pa kwenda.

Kabla ya mavuno Kaizari wa pili naye akajipandisha daraja, kimya kimya, kama alivyoishi. Akaja wa tatu, mwanawe, kijana mwenye sauti. Huyu alihutubia asubuhi, mchana na jioni. Alihutubia daraja lililofunguliwa, meli iliyoshushwa majini, na farasi aliyempanda. Kwake ukimya ulikuwa dalili ya njama. Tangazo jipya likabandikwa juu ya lile la zamani: "Kifua cha raia ni ngoma ya dola. Kukohoa kunaruhusiwa, kwa kuwa husafisha koo kwa ajili ya kumshangilia Kaizari. Wafungwa wa kikohozi wamesamehewa, kila mmoja akishapiga kelele langoni, 'Kaizari hoyee!' mara tatu, kwa kifua kizima, mbele ya ofisa aliyeapa kusikia." Na nani mwingine angeteuliwa kusikia?

Siku ya msamaha Traugoti alisimama langoni pamoja na Bwana Jela, mzee mwenye funguo kiunoni. Wenzake Lizbeta walitoka mmojammoja, wakapiga kelele zao, wakaachiwa. Wakasimama nje ya lango pamoja na Ernestina, wasiondoke. Lizbeta alitoka wa mwisho. Nguo ya gereza ilimning'inia, na mashavu yalikuwa na wekundu ule ambao asiyejua huudhani ni afya.

"Kaizari hoyee," alisema. Ilisikika. Akashika nguzo, akavuta pumzi. "Kaizari hoyee." Hii ilifika kwa shida. Kwa mara ya tatu alifungua midomo, midomo ikacheza, na hapakutoka kitu.

Bwana Jela alitikisa kichwa. "Mbili. Afadhali angenyamaza kabisa. Anayeshangilia mara mbili kisha akaacha, maana yake amefikiri katikati. Kanuni inamrudisha ndani. Sajini, umesikia ngapi?"

Katika maisha yake yote, ukiacha ile mara moja mbele ya meza ya Mheshimiwa, Traugoti Henzeli hakuwa amesema uongo juu ya alichokisikia.

"Tatu," alisema.

"Mimi sikusikia ya tatu."

"Wewe huna masikio yangu, Bwana Jela. Mimi ndimi niliyeapa."

"Hata sisi tumesikia!" wakapaza sauti wanawake nje ya lango. "Tena ya tatu ndiyo ilikuwa kubwa!"

Bwana Jela akawatazama, akaitazama nishani kifuani mwa Sajini, akafungua lango.

Hawakwenda nyumbani kwanza. Walimbeba Lizbeta moja kwa moja mpaka kwa Dakta Melkiori, ambaye safari hii aliwapokea mlango ukiwa wazi, madirisha wazi, na kwa sauti ya juu ya mtu aliyerudishiwa kazi yake. "Sasa tunaruhusiwa!" alisema. "Sasa tutafanya kazi kama watu!" Akamlaza Lizbeta kitandani, akaweka sikio mgongoni pake. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo. Akamtazama Ernestina, akainamisha macho.

"Mngemleta wakati wa baridi," alisema, kisha akakumbuka kwamba waliwahi kumleta. "Lakini kuna maji kifuani, na lazima yatoke, la sivyo yatamzamisha humu humu ndani. Kohoa, binti. Kohoa kwa nguvu zako zote."

Lizbeta aligeuza kichwa, akamtafuta baba yake kwa macho. Akabana pua. Koo likapanda na kushuka.

"Kohoa, mwanangu," alisema Ernestina. "Imeruhusiwa. Watu wote wanakohoa sasa."

Lizbeta akatikisa kichwa. Uso ulikuwa unaiva, mishipa imesimama, na macho hayakumwacha baba yake. Traugoti akapiga magoti kando ya kitanda. Akamshika mkono ule uliobana pua, akajaribu kuuondoa kwa upole, ukakaza. Hakujua la kusema, kwa hiyo akakohoa yeye. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mtu mzima asiyeumwa chochote. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, mara ya tatu na ya nne, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye masharubu, ili mtoto aone kwamba hakuna anayekuja, hakuna anayekamatwa.

Lizbeta alimtazama kwa huruma nyingi. Akanyoosha mkono wake wa pili, uliokuwa mwepesi mno, akamziba baba yake mdomo.

"Nyamaza, baba," alinong'ona. "Watakusikia."